Urefu wa Mkanda na Nguvu ya Injini

Katika milima ya Idaho, Marekani, majira ya theluji yafikapo, waendeshaji hufungua magurudumu ya pikipiki za porini, wakafunga skii mbele na mkanda wa mpira wenye meno nyuma. Anayechagua mkanda mrefu kuliko yote kwa ajili ya urefu tu amekosea. Ni kweli, eneo likiongezeka kanieneo hupungua: kilo 240 za mashine na mpandaji juu ya mita ya mraba 0.6 ni sawa na kilo 400 kwa mita ya mraba, ilhali mtu wa kilo 80, kwa nyayo zenye mita ya mraba 0.04, hufikia 2,000 (mwanafunzi akokotoe mwenyewe). Lakini mkanda mrefu hula nguvu nyingi na hukaidi kona. Injini ndogo ikizidiwa mlimani, mpandaji hana budi kushuka; naye ndiye atakayezama.