Mambo ya Nyumbani: Kifaranga Asiyetaka Kula

Katika barua zilizotufikia mwezi uliopita imo moja yenye swali ambalo limetusumbua hata sisi kwa muda mrefu. Mama mmoja auliza: Mbona vifaranga wawili wa siku moja, waliotoka katika mayai ya namna moja, hupewa chakula kimoja, huyu hula hata kifuko cha shingoni kikajaa tele, na mwenziwe husimama kando, mabawa yameshuka, akafa siku ya nne na chakula ki mbele yake? Ataka dawa. Twamwomba atuvumilie kidogo, maana asiyejua chanzo cha jambo hili atanunua dawa nyingi bure.

Nasi hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulinunua vifaranga thelathini, kwa nia ya kuwakuza na kuwauza, tupate sare na madaftari ya mtoto wa ndugu yetu akaaye kwetu. Walifika jioni, majira ya baridi, baada ya kushinda njiani kutwa nzima ndani ya boksi. Tukamkabidhi mtoto yule kazi ya kuwalisha. Hata siku ya nne kumi na mmoja walikuwa wamekufa, nasi tukamkemea vikali, tukidhani alikwenda kucheza akasahau. Akatujibu, “Baba mkubwa, chakula kipo, ila hawakitaki.” Hatukumsadiki.

Basi tujue kwamba njaa haikai tumboni peke yake. Chini kabisa ya ubongo wa kifaranga ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na hapo ndipo zinapokutana habari zote za mwili: tumbo lina nini, damu ina nini, nje kuna joto au baridi. Habari hizo huchukuliwa na kemikali. Mojawapo ni nyuropeptidi Y, ambayo kwanza ilipatikana katika ubongo wa nguruwe huko Sweden mwaka 1982. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba kifaranga akitiwa kidogo tu cha kemikali hiyo ndani ya ubongo, huanza kula kwa bidii. Ziko na nyingine zinazofunga mlango huo. Tena imo moja iendayo pamoja na hofu na taabu, ambayo wataalamu huiita kwa herufi tatu, CRF. Hiyo ikizidi katika ubongo wa kifaranga, huacha kula, ijapokuwa punje zi miguuni pake.

Wala tusidhani kwamba ubongo wa kuku ni kama wetu, ila mdogo. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni itokayo tumboni, wakaiita grelini. Kwa panya na kwa mwanadamu homoni hiyo huamsha njaa. Mwaka 2001 Mitsuhiro Furuse na wenzake, Wajapani pamoja na Mmarekani mmoja, waliitia katika ubongo wa vifaranga wachanga, nao wakapunguza kula! Baadaye ikaonekana kwamba grelini kwa vifaranga hupitia katika njia ileile ya CRF, njia ya hofu. Kitu kilekile kimwambiacho panya “Kula” humwambia kifaranga “Acha”. Jambo hili lilitushangaza kuliko yote tuliyosoma.

Lakini ushuhuda ulio mkubwa watoka jimbo la Virginia, Marekani. Huko mwaka 1957 Paul Siegel alianza kuchagua kuku weupe wa aina ya Plymouth Rock. Kila kizazi aliwapima wakiwa na siku 56. Wazito akawazalisha kwa wazito, wepesi kwa wepesi, wala hakuchagua kwa neno jingine lolote. Vizazi vikapita, hata kufikia hamsini uzito wa koo hizo mbili ukawa umeachana zaidi ya mara nane, nao shina lao ni moja. Wale wazito hula pasipo kiasi, na wakiisha kukua hupimiwa chakula, wasije wakanenepa hata wakashindwa kuzaa. Katika wale wepesi, wengine hutoka katika yai wasianze kula kabisa, wakafa. Mwaka 1983 ilionekana kwamba ikiharibiwa ile sehemu ya haipothalamasi iletayo shibe, kuku wa ukoo mwepesi huzidi kula na kunenepa, bali wa ukoo mzito hawabadiliki, kana kwamba kwao sehemu hiyo ilikwisha nyamaza tangu zamani.

Sasa tumwangalie yule aliyefika na baridi. Vifaranga wa ukoo mwepesi waliowekwa mahali pa baridi na kucheleweshewa chakula mara walipototolewa, walipotiwa nyuropeptidi Y siku ya tano hawakuongeza kula. Ndugu zao waliopokelewa kwa joto waliongeza. Taabu ya siku ya kwanza ilikuwa imekwisha pita, lakini ubongo haukuisahau.

Tulipoyasoma hayo tulilikumbuka boksi letu. Jioni ile tulimwita mtoto, tukamwomba radhi mbele ya nyumba yote.

Mama aliyetuandikia na afanye hivi. Joto litangulie kufika kabla ya vifaranga: nyuzi 32 hata 35 pale walipo wao, si juu darini, maana siku za kwanza hawawezi kujitunzia joto wenyewe. Atumiaye makaa ayaache yawake vizuri nje kwanza, na hewa ipite chumbani, kwani moshi wake huua watu na kuku pamoja. Maji yasiwe baridi. Chakula kitandazwe juu ya karatasi, ili waone na wasikie wenzao wakidonoa. Watu husema kifaranga aweza kukaa siku mbili au tatu bila kula, kwa sababu kiini cha yai huingia tumboni mwake kabla hajatoka katika ganda. Ni kweli, naye hukaa. Lakini alishwaye mapema hukua vema kuliko acheleweshwaye. Wakishinda na kulala wamekula, awashike mmoja mmoja, apapase kile kifuko cha shingoni. Aliye mtupu amtenge karibu na joto, amchovye mdomo majini. Akiona kuhara au kukohoa, hilo ni jambo jingine, amwite bwana mifugo.

Kwetu kazi ya kupapasa anayo yule mtoto. Juzi walifika hamsini, akapata watupu watatu, na wawili kati yao wakala kabla ya adhuhuri.