Mkutano wa Wasaka Vikasha: Twende Tusiende?

Mama mmoja aliyehamia Athi River kutoka Mombasa ametuuliza kama yafaa awapeleke wanawe kwenye mkutano wa wasaka vikasha, wale wanaotafuta vilivyofichwa kwa kuongozwa na setilaiti kupitia simu. Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000. Achukuaye kitu kikashani huacha kingine cha thamani ileile au zaidi, kisha hukirudisha kikasha pale alipokikuta.

Asili ya mambo ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha, na mchezo huu una funzo la amana. Lakini kwanza, mama, ulizia: mtakutana baa au uwanja wa wazi? Adhuhuri mtaswali wapi? Mwenye ardhi ameruhusu? Kijana anayepekua vichaka karibu na viwanda vya saruji hushukiwa upesi, na si kila mlinzi atangoja maelezo.

Majibu yakiridhisha, nendeni, nawe ufuatane nao. Mtoto afungiwaye ndani kwa kuogopewa watu, siku moja atawajua hao watu bila mamaye kuwapo. Wallahu aalam.