Kompyuta yako haijachoka, imefungwa

Huku Kahe, na ukipanda hadi Moshi mjini, kijana akilalamika kwamba gemu lake limeganda kwenye fremu 60 kwa sekunde wakati kioo chake kimeandikwa 144, hupewa jibu kabla hajamaliza kueleza: mashine imechoka, tafuta kadi ya picha nyingine. Mafundi wanalisema, wauzaji wanalisema, na wenzake wanaocheza naye wanalirudia. Jibu hilo si kweli, na linakula fedha za watu waliozipata kwa jasho.

Mashine iliyozidiwa haisimami mahali pamoja. Ukiwa peke yako kwenye uwanja mtupu itakupa fremu 80, wakitokea maadui kumi itashuka hadi 45, moshi wa bomu ukitanda itafika 30. Inapanda na kushuka kadiri kazi inavyoongezeka na kupungua. Ukiona nambari imeganda kwenye 60 tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho, ujue mashine hiyo ina nguvu ya akiba na kuna kitu kinaizuia. Fundi anayebisha na anieleze ni udhaifu gani huo unaokoma kwenye nambari ileile kila siku. Nitakubali hali moja tu: V-Sync, mpangilio unaolazimisha gemu lifuate mwendo wa kioo, ikiwa imewashwa, mashine isiyofikisha 60 inaweza kuangushwa moja kwa moja hadi 30 na kubaki hapo. Hata hapo, zima V-Sync kwanza ndipo uihukumu.

Na hiyo 60 si kipimo cha macho ya binadamu, ingawa wengi wameaminishwa hivyo. Ilitoka kwenye umeme. Marekani umeme unakwenda mizunguko 60 kwa sekunde, televisheni zao zikajengwa kuufuata, na kompyuta zikairithi nambari hiyo. Sisi na Ulaya tuko kwenye 50. Mitambo ya Nyumba ya Mungu, bwawa linalopokea maji ya Kikuletwa na Ruvu kusini mwa hapa, inazalisha umeme wa mizunguko 50. Ndiyo maana PlayStation za kwanza za toleo la Ulaya zilirusha picha 50, na magemu mengi yaliyotoka Japani bila kurekebishwa vizuri yalikwenda kwa kama asilimia 83 tu ya kasi yake. Waliokulia kwenye mashine hizo walirusha mateke ya polepole wakidhani ndivyo gemu lilivyo. Mashine zilikuwa nzima kabisa. Mtu fulani ofisini aliamua kutoifanya kazi ya marekebisho. Siku hizi kamba hiyo imekatika, kwa sababu adapta ya kioo hugeuza umeme kuwa wa mkondo mmoja kabla haujafika ndani. Kwa hiyo anayekwambia umeme wa TANESCO hauruhusu 144, naye amekosea.

Hata enzi za intaneti kafe na vioo vya chogo tatizo lilikuwa lilelile. Windows 2000 na XP zilikuwa na tabia ya kurudisha gemu kwenye 60 likishajaza kioo, hata kama kioo kinaweza 85. Vioo vya chogo kwenye 60 humeta, na kichwa huuma. Lawama zikabebeshwa magemu, na kumbe marekebisho yalikuwepo kwenye programu.

Leo kufuli hilo hukaa sehemu chache, na zote hazigharimu chochote kuzikagua. Kwanza Windows yenyewe: ukichomeka kioo kipya, mara nyingi hubaki kwenye 60 mpaka uingie kwenye mipangilio ya kioo, ushuke hadi mipangilio ya ndani zaidi, na uichague 144 kwa mkono wako. Kuna watu wamekaa na kioo cha 144 muda mrefu wakikitumia kama cha 60. Kisha waya. Hapa ndipo palipo na hasara kubwa kwetu, maana wengi tunanunua kompyuta za mezani zilizostaafishwa maofisini huko nje, na nyingi zina tundu la DisplayPort ambalo linabaki wazi kwa kuwa waya wake hauuzwi kila duka. Badala yake inachomekwa VGA kwa kiunganishi cha bei ya chini, au DVI ya njia moja, au tundu la zamani la HDMI, ambayo kwa picha ya 1920 kwa 1080 hufika 60 na kugota. HDMI 2.0, iliyotoka 2013, inapita hapo bila shida. Bei ya waya na bei ya kadi ya picha ni mbingu na ardhi. Kisha ndiyo gemu: angalia V-Sync, angalia kikomo cha fremu, angalia pia kama gemu lenyewe limechagua kioo chako kwa 60 ndani ya mipangilio yake.

Wanaotumia televisheni kama kioo wawe macho zaidi. Zipo zinazoandikwa 120 au 200 kwenye boksi ilhali paneli ndani ni ya 60, na hakuna mpangilio utakaoifungua.

Wapo watakaosema yote haya ni anasa, jicho halioni kitu zaidi ya 60. Zungusha mshale wa mausi kwenye 60, kisha kwenye 144, uone mwenyewe. Picha moja ya 60 hukaa milisekunde 16.7; ya 144 hukaa kama 6.9. Kwenye gemu la kulenga shabaha tofauti hiyo iko mkononi kabla haijawa machoni.

Yapo pia makufuli yanayostahili kuheshimiwa, na mafundi wanaofungua kila kitu wanakosea kwa upande wa pili. GTA San Andreas, ambalo vijana wa hapa hawajalichoka tangu 2005, lina kikomo chake cha fremu kwenye menyu. Kiondoe na mwogeleaji wako ataanza kwenda taratibu majini, maana watengenezaji walifunga hesabu za mwendo kwenye idadi ya fremu. Skyrim ya 2011 ukiipitisha 60 vitu vinaruka mezani vyenyewe. Magemu ya namna hiyo yaache yalivyo, mpaka upate rekebisho lililotengenezwa kwa ajili yake.

Ninachokataa ni hukumu inayotolewa bila kuangalia. Familia inayouza mpunga wa Chekereni au nyanya za Kahe hupata fedha kwa msimu, na laki kadhaa za kadi ya picha ni ada ya mtoto mwingine. Fundi anayepokea fedha hizo bila kufungua mipangilio ya kioo wala kugeuza waya aone uwezo wake amemkosea mteja, hata kama naye anaamini anachokisema. Na wewe unayekwenda mjini kununua kioo, mwambie muuzaji akichomeke kwenye kompyuta kwa waya uleule anaokuuzia, afungue mipangilio, na akuonyeshe 144 imeandikwa na imechaguliwa kabla hujatoa hela.