Risala ya Wazazi, Vijana na Mafundi wa Lodwar na Kakuma Kuhusu Chuo cha Umma cha Jamii

Kwa Waziri wa Elimu na Gavana wa Kaunti ya Turkana

Waheshimiwa,

Tunaomba risala hii isomwe hadi mwisho, maana nyingi zilizotangulia ziliishia ndani ya bahasha.

Mkoloni aliifunga Turkana. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali, na alipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu, alimfunga Lokitaung, kisha mwaka 1959 akamhamishia Lodwar. Uhuru ulikuja, lakini Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka, kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 makanisa yalipoanza kusukuma vyuo vya ufundi vya vijijini, vingi vilisimama kwa nguvu za harambee. Harambee inataka mtu mwenye cha kutoa.

Tumepiga hatua, hatukatai. Mwaka 2017 Lodwar ilipata Turkana University College, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na tunajivunia. Lakini shahada inamtaka aliyepata C+ katika KCSE. Leo tunawasemea waliobaki, nao ndio wengi.

Kozi za ngazi ya chini za ufundi hazidai alama kubwa. Hata mwenye E hupokelewa. Kinachomzuia kijana ni karo na barabara. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi, na akifika Lodwar atalala wapi? Kwa msichana swali hilo peke yake hutosha kumrudisha nyumbani. Karo nayo inadaiwa muhula unapofunguliwa, wala haiulizi hali ya malisho. Kiangazi kikishika mbuzi hukonda, kila mzazi huuza siku hiyo hiyo, bei ikaanguka. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, wengine hawakubaki na mbuzi wa kuuza.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, ikaiachia Serikali ya Kitaifa taasisi za juu. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini kijana anayetafuta basari huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka muhula unakwisha.

Kakuma ina jeraha lake. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na waliozaliwa humo mwaka huo sasa ni wazazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya taaluma yake mradi sifa zake zinatambuliwa Kenya. Atazipata wapi, ikiwa mkopo wa wanafunzi wa HELB ni wa Mkenya peke yake? Mafunzo ya ufundi kambini yamebebwa na mashirika, Don Bosco likiwamo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, hata mgao wa chakula ulikatwa. Mafunzo yasiyo na kifungu katika bajeti ya serikali yatapona vipi?

Nendeni soko la Kakuma mkamwone kijana aliyetandika gunia chini ya mti, amefungua injini ya pikipiki, vipuri kavipanga kwa mfuatano wa kuvirudisha. Ni mkimbizi, hana cheti. Jirani yake Mturkana anafanya kazi ile ile, naye hana. Wanaazimana spana. Wanaotugawanya katika mikutano kuwa wenyeji na wageni wangefaa kukaa hapo nusu saa. Na pampu ya kisima ikikwama, tunangoja fundi kutoka mbali huku kina mama wakichimba maji kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka.

Kwa hiyo tunadai chuo cha umma cha jamii hapa Kakuma, chenye karakana na bweni la wasichana, kinachopokea mwenyeji na mkimbizi kwa masharti mamoja, na chenye fungu lake katika bajeti. Hatudai jengo la kifahari. Mawe ya msingi tunayo ya kutosha. Tunadai mafundi wetu wapimwe na wapewe vyeti, kwa kuwa serikali imekwisha kukubali kwamba ujuzi wa nje ya darasa unaweza kutambuliwa. Karo ilipwe kidogo kidogo, kwa kufuata soko la mifugo. Kuwe na kozi fupi za pampu za sola na afya ya mifugo, na mkufunzi awafuate vijana wa adakar, makundi ya wafugaji wanaohama pamoja, kule waliko na mifugo. Kaunti na Wizara zifungue dawati moja la basari, Lodwar na Kakuma, ili asiwepo tena wa kumtuma mtoto wetu mlango wa pili.

Tunaomba majibu kwa maandishi, yabandikwe hadharani katika miji yote miwili kabla bajeti haijasomwa mwezi Juni.