Kipimo cha Vinasaba na Kitoweo cha Kasa

Wataalamu wamepata njia ya kuutambua upesi uyoga wenye sumu kwa vinasaba vyake. Kijipande huchukuliwa, hutiwa dawa, hupashwa joto la nyuzi 65 hivi, na kabla ya saa moja kwisha jibu hupatikana. Faida yake si ndogo. Sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides haiondoki kwa kupikwa, na mlaji huweza kukaa saa sita au zaidi bila kuhisi lolote.

Je, sisi watu wa Pate elimu hii yatufaa nini? Vinasaba si neno geni kwetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Faza, ili kuchunguza asili ya Waswahili. Ikiwa wafu wetu wamepimwa, ni haki vyakula vya walio hai navyo vipimwe.

Lakini hatari yetu kubwa haimo msituni, imo baharini. Mwezi Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Hapa ndipo nawaomba walimu na wanafunzi watanabahi. Kipimo cha vinasaba hutaja jina la kiumbe. Hakitaji sumu iliyomo mwilini mwake. Kwa uyoga jina latosha, kwani sumu ni ya aina yenyewe. Kwa kasa halitoshi. Wataalamu wanadhani kwamba sumu yake hutokana na vitu alivyokula baharini. Hivyo kasa wa jana huliwa salama, na wa leo, wa jinsi ile ile, akaua. Wala moto haumsafishi.

Kwa hiyo hoja kwamba wazee walikula wasidhurike haina uzito. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda kasa, lakini kijana amwogopaye askari tu atamla usiku. Hana budi kuelezwa sababu. Naona somo hili lianze sasa katika shule za Faza, Siyu na Kizingitini, bila kungoja chombo chochote kutoka ng'ambo. Chombo kikija, tutakipokea kwa shukrani, nasi tutakuwa tumekwisha kujua mipaka yake.