Ondiri: Bwawa Linalotetema na Lugha Isiyolipa Jina

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Methali hii yaafiki hali ya Ondiri, ardhioevu ya yapata hekta 30 iliyo kando ya mji wa Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Kwa abiria anayepita njia, Ondiri si kitu ila bonde la matete. Kwa jiji la Nairobi, hata hivyo, ni kisima cha uhai: hapo ndipo uanziapo Mto Nairobi, ambao jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi.

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyepanga chumba mtaani Satellite hahitaji safari ndefu kufika huko. Akipanda matatu katika Barabara ya Naivasha hadi Uthiru, kisha akashika gari la Kikuyu, atafika jua lingali changa. Atakachokiona hakifanani na ziwa wala kidimbwi. Juu pametandikwa zulia la matete na nyasi linaloelea. Chini yake mna maji pamoja na tabaka nene la mimea ambayo, kwa kukosa hewa, haikuoza ikaisha. Pakikanyagwa, pahala hapo hutetema. Si ajabu kuwa wenyeji wana simulizi za waliomezwa na bwawa hilo.

Je, Kiswahili chapaitaje mahali kama hapo? Neno "ardhioevu" limezoeleka katika ofisi za mazingira, lakini hilo ni kapu moja lililotiwa mikoko ya Lamu, mashamba ya mpunga ya Mwea na zulia la Ondiri. "Kinamasi" hudokeza utelezi na uchafu. Lugha iliyotofautisha kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, haikushindwa na maji. Imeshindwa kupanda mlima.

Upungufu huu si wa kamusi peke yake. Kisicho na jina hudhaniwa hakina thamani, na kisicho na thamani huchimbwa bila kuulizwa. Nchini Ireland, tabaka la namna hiyo lilichimbwa kwa karne nyingi likawa kuni, hata kampuni ya umma ya Bord na Móna ikatangaza mwaka 2021 kuwa imekomesha uchimbaji huo. Nchini Rwanda, mtambo wa Gishoma ulijengwa ili kulichoma kwa ajili ya umeme. Huko Ondiri kinachochotwa ni maji: pampu za mashamba na visima vya mji unaopanuka hunyonya chemchemi ile ile inayoulisha mto. Wenyeji wamejitahidi kupanda mianzi kingoni na kupiga vita mikaratusi inayokausha udongo, lakini jembe la wachache halitoshi.

Yamkini atatokea msomi wa kuuliza: fasihi na matope wapi na wapi? Jibu li huko huko Ireland. Seamus Heaney, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1995, aliyafanya matope ya nchi yake kuwa kumbukumbu ya taifa. Katika diwani yake ya mwaka 1975 iitwayo North, miili ya kale iliyohifadhiwa na matope ya namna hiyo yasimama kuwa mashahidi wa damu iliyokuwa ikimwagika wakati huo. Ni kweli kwamba mashairi hayakuzima mashine za uchimbaji. Hata hivyo, anayetaka kulalamikia hasara sharti kwanza aweze kuitaja, na kazi ya kutaja ni ya lugha.

Wapo pia watakaodai kuwa Ondiri ni mali ya Kikuyu, na Kiswahili kisijitie kati. Hoja hii ina uzito. Wazee wa huko wana maneno yao ya matete, ya tope na ya chemchemi. Lakini Kiswahili kimekua kwa kukopa, na kukopa kwa jirani kwa adabu si kunyang'anya. Isitoshe, maji yenyewe hayakusubiri ruhusa. Yakitoka Ondiri hupita Dagoretti, yakateremka hadi Gikomba, yakaingia Mto Athi, ambao huwa Galana kisha Sabaki, na hatimaye kumwagikia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Tope linalopakaza bahari ya Malindi rangi ya kahawia ni barua kutoka bara. Mshairi wa pwani huipokea kila masika pasi na kujua aliyeiandika.

Kwa mintarafu hiyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kuelekeza ziara zao kwenye chanzo cha mto huo, si pwani tu kama ilivyo desturi. Waende na daftari, wawaulize wazee maneno na simulizi, kisha wayalete darasani yajadiliwe na wahadhiri na kutungiwa istilahi zinazotamkika kinywani mwa mkulima. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji nauli ya matatu na viatu visivyoogopa tope. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na chemchemi iliyokauka haijengewi ukuta wowote.