Kabla hujanunua baiskeli nyingine, inua kiti

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wale mliozoea makala za programu na seva mtashangaa kukuta baiskeli hapa leo. Vumilieni kidogo. Baiskeli nayo ni mashine yenye mipangilio yake, na wengi wetu tunaiendesha kwa mipangilio ya mtu mwingine kabisa.

Yangu ni baiskeli ya milima, ya mtumba, iliyotoka Ulaya. Siku niliyoinunua kiti kilikuwa chini kabisa, na muuzaji akanihakikishia kwamba ndivyo inavyotakiwa: ukikaa, nyayo zote mbili ziguse ardhi. Nikamwamini. Kwa miezi mitatu niliendesha hivyo kila Jumamosi katika msitu wa Karura, nikirudi nyumbani goti la kulia linauma upande wa mbele. Nililaumu umri, nikalaumu kazi ya kukaa mbele ya kompyuta siku nzima. Mwishowe nikailaumu baiskeli yenyewe na kuanza kutafuta nyingine ya bei ya kutisha.

Aliyeniokoa ni fundi wa kando ya barabara. Aliniona nikipita, akacheka: "Mkubwa, mbona magoti yanakaribia kidevu?" Akachukua spana, akainua kiti sentimita saba. Dakika mbili tu. Goti liliacha kuuma baada ya wiki chache.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao marafiki zangu wameuchoka: usinunue baiskeli mpya, wala kiti chenye sponji nene, wala glavu, kabla hujarekebisha ulichonacho. Na hiyo kanuni ya nyayo mbili chini ni ya mtoto anayejifunza. Mtu mzima akisimama hushuka kwenye kiti, anaweka mguu mmoja chini, basi. Hahitaji kukanyaga ardhi akiwa amekaa.

Sasa, kiti kiwe juu kiasi gani? Njia rahisi: egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila wewe kuinamia upande. Ukiweka sehemu pana ya wayo, kama unavyoendesha kawaida, goti litapinda kidogo. Hapo ndipo.

Wapenda hesabu kama mimi wana njia nyingine. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, walichapisha kwamba umbali kutoka pedali iliyo chini hadi juu ya kiti uwe asilimia 109 ya urefu wa mguu kwa ndani, yaani kutoka sakafuni hadi kwenye msamba. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, alieneza hesabu nyingine: zidisha urefu huo kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya ekseli ya pedali, pale kwenye fremu, hadi juu ya kiti. Mguu wangu ni sentimita 80. Hesabu ya kwanza inanipa 87.2. Ya pili inanipa 70.6, na nikiongeza mkono wa pedali wa sentimita 17 napata 87.6. Njia mbili tofauti, na hazipishani hata nusu sentimita. Muuzaji wangu alikuwa amekosea kwa saba.

Lakini hesabu ni mahali pa kuanzia tu. Mwili ndio unaoamua. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, mara nyingi kiti kiko juu mno. Mwombe mwenzako akupige video kwa simu akiwa nyuma yako: nyonga zikiyumba huku na huku kila unapokanyaga, shusha kidogo. Na kiti kilale sawa. Pua ikielekea juu itakuumiza, ikielekea chini sana utateleza mbele na mikono itabeba mzigo wote.

Onyo moja. Bomba la kiti lina mstari uliochorwa. Ukiona mstari huo umetoka nje ya fremu, umezidisha, na bomba au fremu inaweza kuvunjika ukiwa juu yake. Kama huwezi kufikia kimo chako bila kuuvuka, basi hapo nakubali: pata bomba refu zaidi, na kama fremu ni ndogo kwako kwa kila kipimo, tafuta nyingine.

Usukani unafuata, na narudia, unafuata. Ukianza nao utaurekebisha mara mbili. Wengi wakiona usukani uko mbali husukuma kiti mbele. Hilo ni kosa lile lile la kuficha hitilafu sehemu moja ya programu kwa kuharibu nyingine. Kiti kinapangwa kulingana na miguu. Mikono inapangwa kwa ile shingo inayoshika usukani: kuna fupi na ndefu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na baiskeli.

Kuinua au kushusha usukani kwenye baiskeli za kisasa hufanywa kwa kuhamisha pete zilizo juu na chini ya shingo. Hapa ndipo watu huharibu. Bolti ya juu haishiki usukani. Kazi yake ni kuondoa ulegevu kwenye beringi. Legeza kwanza bolti mbili za pembeni, kisha fungua ya juu, hamisha pete, rudisha ya juu na uikaze taratibu, nyoosha usukani na gurudumu, ndipo ukaze za pembeni. Usukani ukiwa mzito kugeuka, umekaza mno ile ya juu. Ukibana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma ukasikia mgongano, imelegea. Mwisho bana gurudumu kwa magoti, ujaribu kupindua usukani. Usiteleze.

Vidole vikifa ganzi, angalia pia vishikio vya breki. Vizungushe hadi kiganja na mkono viwe mstari mmoja unapoweka vidole.

Kuna watakaosema kiti cha chini ni salama kwenye mteremko. Ni kweli kabisa. Ukishuka Ngong unahitaji nafasi ya kusogeza mwili, ndiyo maana baiskeli mpya za milima huwa na bomba linaloshuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Lakini shusha kwa ajili ya mteremko, kisha rudisha. Mimi nimezungusha utepe kwenye bomba kuonyesha kimo changu, sibahatishi.

Mwisho, badilisha kitu kimoja tu kila safari, milimita tano hivi, na uandike. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na goti likapona, hutajua kilichoponya. Likizidi kuuma, hutajua cha kurudisha. Nami nimeona watu wakipeleka baiskeli kwa fundi ikarudi kiti kimeshushwa, na hawakukumbuka kilikuwa wapi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla hujatoka, tafuta futi ya fundi cherehani na zile spana za umbo la L ambazo mafundi huziita aleni. Pima mguu wako, pima baiskeli yako. Huenda ile baiskeli unayoitamani tayari iko nyumbani kwako.